Sista Asiyekubali Jibu la "Mimi"

Ukienda kwa Sista ukabisha hodi, akauliza "Nani?" na wewe ukajibu kama watu wote wanavyojibu, "Mimi," basi ulikuwa umejiharibia. Mlango haukufunguliwa. "Mimi niko humu ndani," angekuambia, "wewe wa huko nje ni nani?" Nimewahi kumwona paroko amesimama pale barazani na mwavuli unaovuja, anasema ni mimi Sista, ni mimi, sauti ikizidi kunywea, mpaka akakubali kutaja jina lake kamili na jina la parokia yake mwenyewe. Mimi nilisimama pale mara nyingi kuliko paroko, maana yeye alijifunza.

Alikuwa mwalimu wetu wa kompyuta kwenye shule ya wasichana iliyokuwa juu kidogo ya Kilema, ndani kabisa ya migomba. Mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye mabuti ya mvua chini ya vazi lake la kitawa, kiangazi na masika. Akitoka darasani alikwenda moja kwa moja bandani kwa ng'ombe, na hakuona kwa nini abadili viatu kwa ajili yetu wakati ng'ombe alikuwa anatoa maziwa na sisi hatutoi kitu. Jina lake analo, na ni zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Masista walikuwa wengi pale, kila mmoja na jina lake; ukisema "Sista" ukanyamaza, kila mtu alijua ni yule.

Mimi nilikuwa Mlutheri kutoka Machame, niliyepelekwa kwa Wakatoliki kwa sababu mama alisikia kwamba masista wanaweza kunyoosha chochote. Siku ya kwanza Sista alinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Nikajibu "Amina," kwa nguvu zote, nikijua nimepatia. Akasubiri. Nikaongeza, "Bwana asifiwe." Akasubiri tena. Nikaona labda mambo ya dini yameshindikana, nikasema, "Shikamoo." Hapo akaitika marahaba, akanifundisha kujibu "Milele, amina," na tangu siku hiyo akaniita Mmachame, kana kwamba darasani hakukuwa na Mmachame mwingine. Walikuwepo sita.

Jambo la kushangaza kwa mwalimu wa kompyuta ni kwamba alikuwa anaogopa radi. Wingu likitokea mlimani, hata liwe la ukubwa wa mkeka, Sista alizunguka darasa zima akichomoa nyaya ukutani. Anayejua mlima wetu anajua kwamba mawingu pale si wageni, wanaishi pale. Kwa hiyo vipindi vyetu vingi vya kompyuta tulivifanya mbele ya kompyuta zilizozimwa, mikono kwenye mapaja, tukifundishwa kwa mdomo. Ndiyo sababu hadi leo mimi huelewa jambo la kompyuta pale tu mtu anaponieleza kwa mfano wa mlango, ng'ombe au shemeji. Wenzangu mjini wanachora michoro kwenye ubao mweupe, nami natikisa kichwa huku natafuta ng'ombe yuko wapi.

Somo alilolipenda kupita yote lilikuwa la namna programu inavyoanza mazungumzo ya faragha na kompyuta ya mbali. Alilieleza hivi. Programu inabisha hodi, inasema nataka tuzungumze, na lugha za siri ninazozijua ni hizi. Kompyuta ya upande wa pili inaitika, inachagua lugha moja kati ya hizo, inaonyesha na cheti chake. Aliyebisha anakikagua: kimetolewa na nani, jina ni lenyewe, muda wake ni halali. Akiridhika, wawili hao wanakubaliana ufunguo ambao hakuna mwingine anao, na kuanzia hapo aliyekaa njiani kutega sikio atasikia makelele tu. "Na siri," alisema akinyanyua kidole, "haitajwi kabla hayo yote hayajaisha. Hata nusu yake. Hata kwa kunong'ona."

Sisi tulicheka, tukanakili, tukasahau. Mimi nilikumbushwa kwa namna yangu.

Ilikuwa hivi. Nikiwa kidato cha pili nilishika nia ya kwenda kumshtaki mpishi wa shule, kwa sababu nyama ilikuwa inapungua kati ya sufuria na sahani zetu. Nikaenda ofisini kwa Sista, nikabisha hodi, nikajitambulisha kikamilifu: jina, darasa, bweni, hata mlima upande gani. Nilijiona mjanja sana. Sauti ya kike ikasema karibu. Nikaingia macho chini kwa adabu, nikaanza palepale: "Sista, nimekuja kukwambia huyu mpishi wenu anatuibia nyama, anaifunga kwenye khanga anaipeleka kwao." Nikainua macho. Aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha Sista, na ungo wa mchele mapajani akichambua mawe, ni mpishi. Sista alikuwa bandani anakamua.

Mpaka muhula unaisha nilikula ukoko na mchuzi mweupe. Sista alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi na mabuti yake, akijifuta machozi kwa kilemba. Kisha akaigeuza kuwa somo, na nasikia alilifundisha miaka mingi baada yangu: "Mmachame alijitambulisha vizuri kabisa. Lakini yule aliyemwitikia, alimwomba ajitambulishe?" Nyama ilikuwa inapungua kweli, lakini hilo hakuna aliyetaka kulisikia tena.

Msidhani basi kwamba mtu huyu mwenye kuhubiri siri alikuwa mtu wa kujifungia. Alikuwa mdaku. Sitafuti neno la heshima zaidi kwa sababu halipo. Alitaka kujua nani kajenga, nani kaposa, nani karudishwa kwao, na yule kijana wa nyumba ya tatu kutoka kisimani mbona haonekani kanisani. Alisimamisha wanawake njiani wakiwa na mizigo ya majani ya ng'ombe vichwani na kuwahoji mpaka shingo zinawauma. Ila nilikuja kutambua jambo moja nikiwa mtu mzima: yote hayo yaliingia, hayakutoka. Sijawahi kumsikia akimtaja mtu kwa mwingine. Mimi ni kinyume chake. Mimi siulizi kitu, nina haya. Lakini ukiniambia jambo saa nne, saa sita linaulizwa sokoni. Dada yangu alinificha mimba yake ya kwanza kuliko alivyomficha mama mkwe.

Jambo la lugha nalo lilitukuta, na safari hii hata yeye hakuchomoka. Sista ni wa Rombo. Mama yangu ni wa Machame. Watu wa mbali wakisikia Kichagga wanadhani ni kimoja; sisi wenyewe tunajua kwamba ukitoka upande mmoja wa mlima kwenda wa pili unaweza kukosa hata maji ya kunywa. Siku ya wazazi, wawili hawa walikutana, na kila mmoja, kwa heshima, akaanza kwa Kichagga chake. Wakaona aibu kurudi kwenye Kiswahili, maana kurudi ni kama kumwambia mwenzako lugha yake haifai. Basi wakazungumza muda mrefu, wakipokezana "ee, ee" na kushikana mikono. Mama akaondoka anafuta machozi ya furaha. Wiki iliyofuata akarudi na jogoo na mkungu wa ndizi za mtori, kumshukuru Sista kwa kunichagua kuwa kiranja wa maabara. Kumbe Sista alikuwa amemwomba aniondoe kwenye fizikia kabla sijaiunguza hiyo maabara.

"Tulizungumza bila kukubaliana lugha," Sista aliniambia baadaye, akiwa amefadhaika kweli. "Mimi, mwalimu mzima."

"Na jogoo?"

"Jogoo hana kosa," alisema. Alikuwa ameshachinjwa.

Halafu kulikuwa na suala la saa. Sista aliamini kwamba siku inaanza jua likichomoza, kama inavyoanza kwa ng'ombe, kwa Wachagga na kwa kila mwenye akili, na kwamba kuanza kuhesabu saa usiku wa manane watu wakiwa wamelala ni ushamba wa Wazungu. Kwa hiyo kompyuta zote za shule alizirekebisha. Ikiwa saa mbili asubuhi, kompyuta ilisema mbili, si nane. Sisi tuliona ni sawa kabisa. Nilipofika chuo nikakuta kompyuta zinasema nane asubuhi, nilimwita fundi.

Mtu aliyemwita fundi sasa ndiye anayeitwa. Nina ofisi hapa Moshi mjini, chumba kimoja ghorofani juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kadi zangu zimeandikwa "Mtaalamu wa Mifumo". Mama anawaambia watu natengeneza simu. Miaka michache iliyopita Sista alipanda ngazi zile na mabuti yake, akabisha hodi, nikauliza nani, na yeye akataja jina lake, shirika lake, kijiji na shughuli iliyomleta. Nikaona aibu nikafungua haraka.

Shughuli yenyewe ilikuwa hii. Pale kijijini kuna zahanati yenye nesi mmoja. Wanawake hawakutaka kupimwa pale, kwa sababu majibu yalikuwa yanatangulia kufika nyumbani kabla ya mwenye nayo. Walikuwa wakishuka mpaka Holili, wengine wakizunguka mlima mpaka Sanya Juu, na ndizi kichwani kama mtu aendaye sokoni, kumbe wanatafuta kipimo mahali pasipo na shemeji. Wengine waliahirisha. Mmoja, ambaye alikuwa amekaa dawati moja na mimi, aliahirisha mpaka hakukuwa tena na cha kuahirisha.

Hapo Sista alikuwa ameshazunguka nyumba kwa nyumba na kuwaahidi kwa kinywa chake. Sampuli zitashuka hospitali mjini kwa pikipiki, majibu yatarudi kwa mtandao kwa nesi peke yake, nesi mpya ambaye ameapa, na njiani hakuna atakayeyaona. "Hata mimi sitayajua," aliwaambia. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sadaka kubwa kuliko kufunga Kwaresima. Wanawake walimwamini. Sasa alitaka mtu wa kuifanya ahadi hiyo iwe kweli, na katika wanafunzi wake wote, Mungu anajua kwa nini, alinifikiria mimi.

Niliandika programu ya kukaa zahanati, ibishe hodi kwenye kompyuta ya hospitali na kuleta majibu. Nilijisifu sana. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba cheti cha muda mfupi ni salama zaidi, basi nikapanga cheti cha upande wa hospitali kitengenezwe upya kila Jumatatu saa moja asubuhi, kana kwamba tunalinda hazina ya taifa. Na ili nisimsumbue nesi na maneno ya kitaalamu, kila kosa litakalotokea, liwe la namna gani, programu ilisema: "Imeshindikana. Wasiliana na mtaalamu."

Jumatatu nesi akapiga simu. "Dada, imegoma."

"Inasemaje?"

"Inasema niwasiliane na mtaalamu."

"Basi wasiliana naye."

"Ndiyo nimekupigia, dada."

Nikabonyezabonyeza huku mjini, nikabadilisha hiki na kile. Baada ya chakula cha mchana ikakubali yenyewe, nami nikampa nesi maelezo marefu ya jinsi nilivyoitengeneza. Jumatatu ya pili ikagoma tena asubuhi, mchana ikakubali. Ya tatu vivyo hivyo. Nesi akasema labda ni uchovu wa Jumapili, hata watu huwa nao. Ila wanawake waliokuja asubuhi walikaa kwenye benchi wakisubiri, na mtu anayesubiri kwenye benchi la zahanati anaonekana na kijiji kizima. Mmoja aliondoka hajapata majibu yake. Sista akanipigia mwenyewe, hakupiga kelele, alisema tu, "Mmachame, nimewaahidi."

Jumatatu iliyofuata nikapanda mlimani nikiwa na dawa. Nilikuwa nimegundua kwamba programu inakwama pale inapokagua cheti. Nikaiambia isikague. Ikafungua mara moja, majibu yakaanza kushuka kama maji ya mfereji. Nikageuka kutafuta wa kunipongeza, nikamkuta Sista mlangoni.

"Umefanyaje?"

"Nimeiambia isikague cheti tu, Sista. Mengine yote yako palepale. Inazungumza kwa siri kama kawaida."

"Kwa siri na nani?"

"Na hospitali."

"Umejuaje ni hospitali?"

Nikacheka kidogo, cheko la kitaalamu. "Sista, huku migombani, nani atajifanya hospitali?"

Akanitazama. "Mpishi," alisema.

Nilihisi ule ukoko mdomoni. Nikarudi kwenye kiti nikaizima njia ile ya mkato bila kubisha, na kwa kuwa sikuwa na ujanja mwingine, nikaondoa na lile shuka langu la "Wasiliana na mtaalamu" ili nione kosa lenyewe linasemaje. Lilikuwa limeandikwa wazi, na lilikuwa limeandikwa wazi wiki zote hizo chini ya shuka: cheti hiki muda wake haujaanza.

Haujaanza vipi, na kimetengenezwa leo saa moja asubuhi? Nikatazama saa kwenye pembe ya kioo. Ilisema nne na dakika tano. Nikatazama saa ya nesi mkononi: saa nne na dakika tano asubuhi. Sawasawa kabisa. Niliitazama saa ile, mimi mwenye shahada, mtaalamu wa mifumo, nikaona haina kasoro hata chembe. Ni nesi aliyesema, taratibu, "Lakini kwenye simu yangu inasema kumi na dakika tano."

Kompyuta ile ilikuwa inaamini ni alfajiri, watu wamelala, na cheti cha saa moja asubuhi kwake kilikuwa ni habari ya baadaye. Ilikuwa inakikataa mpaka saa yake ifike, na saa yake ilifika sisi tukiwa tumeshakula mchana.

"Nani amegusa saa hii?" nikauliza.

"Ilikuwa imekosewa," Sista alisema, akitazama dirishani. "Nilipita nikakuta inasema mambo ya ajabu. Nikairekebisha."

Hakuomba radhi. Nami sikuidai, kwa sababu niliyeangalia saa hiyo nikaipitisha ni mimi. Nilipoirudisha saa, cheti kikakubaliwa, majibu yakashuka kwa njia iliyo halali. Sista akachukua plasta ya vidonda kwenye kabati la nesi, akaibandika juu ya kioo na kuandika kwa kalamu: SAA YA WENYEWE, ISIGUSWE. Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi akaitwa ndani. Sista, ambaye angetoa ng'ombe kujua kilichosemwa mle, akatoka nje akaenda kusimama mbali, kule kwenye kahawa, mgongo kwetu.

Mwaka huu nilisikia amehamishiwa nyumba ya masista wazee, si mbali na shule. Nikampelekea sukari, kwa sababu siku zote alikuwa bahili wa sukari. Nilimkuta amekaa kwenye kiti barazani, miguuni ana ndala. Sikuwahi kuona vidole vyake vya miguu, na nilipoviona nikajua mambo si mazuri kabla hajasema neno.

"Umenenepa," alisema.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Sana. Umenenepa sana." Akanionyesha kiti. Akauliza habari za mama, za dada, za duka la vipuri, nani kapanga chumba cha jirani na analipa na nini. Nikajibu yote. Kisha akatazama kama kuna mtu nyuma yangu.

"Wiki iliyopita nilipima pale kwa nesi. Damu yangu ilishuka mjini. Majibu yamerudi kwa programu yako."

"Sikujua, Sista."

"Hukujua? Programu si yako?"

"Ni yangu. Lakini ikishaanza mazungumzo na hospitali, mimi niko nje. Siwezi kusoma."

"Hata ukitaka?"

"Hata nikitaka."

"Na hata kama ni mimi?"

"Ningeona makelele tu, Sista."

Alikaa akikunja pindo la khanga aliyojifunika magotini. Nikadhani amechoka. Aliponitazama tena macho yalikuwa yamejaa, na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuielewa mara moja. "Basi wanawake wale sikuwadanganya," alisema. "Nimekaa siku hizi zote nahofu niliwadanganya."

Nikaiweka ile sukari chini, kando ya ndala zake.

"Sogeza kiti," alisema. "Kwa Kiswahili, ili tuelewane."

Nikasogea mpaka magoti yetu yakagusana, naye akaniambia mwenyewe, taratibu, neno kwa neno, kile nesi alichomsomea. Akaniambia na muda alioambiwa. Masista wenzake alikuwa hajawaambia, na hakutaka wajue kwa sasa. Niliushika mkono wake, ulikuwa mwepesi sana. Nilimpenda mtu huyu kwa miaka yote hiyo na sikuwahi kumwambia, na hata pale sikumwambia, nilishika mkono tu.

Getini sista kijana aliyekuwa anamwagilia maua alinisimamisha. Alikuwa na wasiwasi usoni. "Dada, mmekaa sana leo. Amekwambia nini?"

"Amesema nimenenepa," nikamjibu.

Akacheka, akanifungulia geti.